Besi Chafu ya Papa Chomba

Kama kuna mtu katika komini nzima ya Kenya, mtaa wa Lubumbashi, aliyezaliwa na kinyaa, basi ni Jamali kinyozi. Alinusa kikombe kabla ya kunywa chai. Alifuta kiti cha watu kabla ya kukalia, tena mbele ya mwenye kiti, akimtazama usoni. Katika saluni yake karibu na soko, mashine za kunyolea zililala kwenye spiriti, na mteja aliyekuja na kichwa cha mba aliambiwa kwanza akakioshe, halafu arudi na heshima zake. Ukikasirika, shauri yako. Wateja walirudi tu, maana kwa Jamali hutoki na choa kichwani.

Hiyo ilikuwa kazi ya siku za wiki. Jumamosi na Jumapili Jamali alikuwa mpiga besi. Babu yake alitoka Maniema na mizigo ya vitambaa, baba yake akawa fundi cherehani, na yeye akapewa vidole virefu na gitaa la nyuzi nne. Alipigia orkestra ndogo ya harusi na ya vilio. Mama yake, alipokuwa hai, alimwonya kwamba muziki utamharibu. Haukumharibu. Waliomharibu roho ni wapiga besi wenzake.

Maana saluni ile iligeuka baraza lao. Mpiga solo hana haja ya baraza, anapendwa na kila mtu. Mwimbaji anaitwa kwa jina lake barabarani. Mpiga besi anasimama nyuma karibu na bafle, lile spika kubwa, kama mlinzi wa duka, na watu wakitoka harusini wanauliza, kwani kulikuwa na besi? Basi wakikutana wenyewe kwa wenyewe wanasema mpaka mate yanakauka. Na wanasema nini? Nyuzi! Nyuzi nne au nyuzi tano. Vidole au kipande cha plastiki. Nyuzi za kukwaruza au nyuzi laini. Ampli nzito ya zamani inayobebwa na wanaume wawili, au hizi za sasa zinazobebwa kama mkoba wa mama. Kila mmoja ana hakika yake, na kila mmoja anamwona mwenzake mjinga.

Franck, aliyepigia kanisa moja kubwa na kutembea na besi ya nyuzi tano inayong'aa kama gari la bibi harusi, alisema nyuzi zibadilishwe kila baada ya miezi michache. Mwingine alisema zichemshwe, zinarudi mpya. Jamali alisema wala usizichemshe wala usizibadilishe ovyo, zifute tu kwa kitambaa na spiriti kila ukimaliza kupiga, kama binadamu. Ndipo mzee aliyekaa kwenye kona, akiwa na mfuko wa karanga mapajani, alicheka mpaka maganda yakamrukia Jamali kwenye koti lake jeupe.

"Nyuzi haioshwake," alisema. "Utamu yote iko mu uchafu. Ukitosha uchafu, na utamu inatoka."

Huyo alikuwa Papa Chomba, fundi wa pikipiki, mpiga besi mkubwa kuliko wote walioketi pale, na mwalimu wa Jamali. Na huyo ndiye aliyekuwa mtihani wa maisha ya Jamali, kwa sababu jamani, Papa Chomba alikuwa mchafu! Si mchafu wa bahati mbaya. Mchafu wa imani. Alitoka kwenye injini za pikipiki na grisi kwenye kucha, akapita kwenye sahani ya makayabu, yale ya samaki wa chumvi wanaoogelea kwenye mawese, akala kwa mkono, akalamba kidole gumba, pwa! Halafu mkono huohuo, mwekundu wa mafuta, ukashika besi. Nyuzi zake alizifunga mwaka aliooa, na hakuzibadilisha tena. Zilikuwa nyeusi. Zilikuwa nene kuliko zilivyotoka kiwandani. Ukimwomba Jamali akushikie besi ile kidogo, aliishika kwa ncha za vidole viwili, uso ameugeuzia ukutani.

Na mkewe Chomba, Mama Claudine, mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa familia ya Kikasai, msafi, mnyoofu, alipambana naye miaka yote ya ndoa. Kila Chomba na orkestra yake walipopiga mahali na chakula kikawepo, mama yule alisimama katikati ya watu na kupaza sauti ya darasani: "Weye! Nawa mikono kwanza!" Orkestra nzima iliingoja sauti hiyo. Wapiga ngoma waliiitikia, *pa-pa*. Chomba aliinua ule mkono wake mwekundu, akampungia mkewe, akapiga.

Na hapo sasa, hapo ndipo roho ya Jamali ilipomuuma kweli. Maana ile besi ilipolia, hakuna besi nyingine Lubumbashi iliyolia hivyo. Haikupiga kelele. Ilisema *dum*, fupi, nzito, yenye joto, ukaisikia tumboni kabla ya masikioni. Franck aliirudisha besi yake ya nyuzi tano mfukoni. Jamali alisimama pale na kinyaa chake chote, machozi yanamlenga, akijiuliza Mungu alikuwa na maana gani kuuweka uzuri kama ule ndani ya uchafu kama ule.

Papa Chomba alikufa kwa presha, ghafla, chini ya pikipiki ya mteja. Kilio kilijaa watu. Walilia wateja, walilia wapiga besi, Jamali mwenyewe alilia mpaka akatumia leso mbili. Mtu mmoja tu hakulia, naye ni mjane. Mama Claudine aliketi kwenye mkeka, macho makavu, mikono mapajani, kama anayesimamia mtihani.

Kuna watu wenye kazi ya kutazama macho ya wajane. Kwenye kilio kile kazi hiyo ilikuwa ya Mwansa, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke mwenye kifua kipana na sauti ya kunong'ona inayofika barabara ya pili. Mwansa alitazama siku ya kwanza, akatazama siku ya kuzika, kisha akaanza kusema. Mwanamke gani asiyelia? Ameona nini sisi hatukukiona? Amempa nini ndugu yangu? Maneno ya namna hiyo ukiyasikia yanakutia kichefuchefu kuliko nyuzi za Chomba, lakini yanatembea. Yakatembea.

Wiki ya kumaliza kilio ilipokaribia, Mama Claudine aliingia saluni kwa Jamali na mfuko mrefu mweusi begani. Aliulaza kwenye kiti cha kunyolea kama mtoto mgonjwa.

"Jamali, miye sijalia," alisema. "Machozi inakatala kutoka. Niko nayo hapa," akajigusa koo, "inasimama tu."

"Itatoka, mama. Mungu iko."

"Yaya Mwansa, wifi yangu, anasema nilimuua. Jumamosi bantu batajaa, familia itanikalisha kati, yeye njo anapashwa kunifungua kilio. Anasema kama sitalia hatanifungua. Nitatoka mu nyumba na jina ya bulozi. Uchawi, Jamali! Miye! Bale batoto nafundisha batanikimbia."

Jamali aligeuka. Alichukua kitambaa akafuta kioo kilichokuwa kisafi tayari. Utauliza, kwa nini mama yule asijipake pilipili kidogo machoni kama wanavyofanya wengine, mambo yakaisha? Mwansa mwenyewe alikwisha kumnong'oneza hivyo mtu mmoja, kwa dhihaka. Mama Claudine alikataa. Alisema hatamdanganya Chomba mbele ya watu.

"Utapiga besi yake," alisema sasa. "Weye njo mwanafunzi yake. Nikisikia ile sauti, nitalia. Ile sauti tu. Niko najua."

"Nitapiga, mama. Kabisa."

Aliahidi kwa moyo wote. Wala hakuongopa.

Alipofika nyumbani aliufungua mfuko ule uani. Mimi nakuambia, shika pua. Ilitoka harufu ya samaki wa zamani, ya jasho, ya tumbaku, ya grisi, na nyuma yake kabisa harufu ya kitu kilichofia humo, ambacho kilikuwa mende, tena mama wa mende na watoto wake. Jamali alirudi nyuma hatua kadhaa. "Astaghafirullah," akasema, "Papa Chomba, hata kaburini unanifanyia hivi?" Akaisogelea tena. Chini ya uzi mnene kulikuwa na mwiba wa samaki umekwama, na shingo ya besi, pale dole gumba la Chomba lilipokuwa likilala, ilikuwa na gamba gumu lenye rangi ya ugoro. Alijikaza akapiga noti moja. *Dum.* Chomba yuleyule, mzimamzima. Na Jamali alipoondoa kidole, uzi ulimfuata kidogo, umenata. Alitapika kando ya bomba.

Nani atapiga hivyo mbele ya watu? Angeenda kusimama Jumamosi anatapika kwenye kilio cha mwalimu wake? Hilo lilikuwa wazo la kwanza. Wazo la pili lilikuwa zuri zaidi, na ndilo lililompoteza. Kwao, watu wa msikitini, maiti huoshwa. Huoshwa kwa heshima, kwa maji ya uvuguvugu, na mikono ya watu wa karibu. Chomba alizikwa na watu wa kanisa lake, na Jamali, aliyekuwa kama mwanawe, hakupata kumgusa. Alisimama nje ya nyumba na wageni wengine. Basi akasema moyoni, nitaiosha besi yake. Nitampa usafi wake wa mwisho. Wazo hilo lilimpendeza mpaka akatabasamu peke yake pale uani, mjinga yule.

Alilegeza funguo za kichwani mwa besi, akazitoa nyuzi nne, akazikunja. Akajaribu kitambaa na spiriti, kitambaa kikanata; basi, yeye aliyekataza kuchemsha, akaingia jikoni, akachukua sufuria kubwa kuliko zote, ile ya mkewe ya kupikia sombe, majani ya muhogo, akatia maji, akatia siki, akatia magadi, akaweka kwenye makaa. Maji yalipochemka, zile nyuzi zilianza kutoa maisha yote ya Papa Chomba. Kwanza povu la kahawia. Kisha mafuta yakaelea, duara nyekundu kwa duara nyeusi. Mwiba mwingine ukapanda juu, ukazunguka, ukazama. Maji yakawa kama oili ya kumwaga kutoka kwenye lori. Jamali alisimama juu yake na kijiti, leso puani, akikoroga kwa chuki na raha pamoja.

Mkewe Mariam alirudi kutoka sokoni, akavuta hewa mlangoni.

"Jamali. Iko nini mu nyungu yangu ya sombe?"

"Nyuzi."

"Nyuzi ya nani?"

"Ya Papa Chomba."

Mariam alifunua, akatazama, akafunika. Hakupiga kelele. Alienda akachukua kanga yake, akatoka nje, akasema kutoka huko: "Ile nyungu sasa iko yako. Na chakula ya leo, ukoroge mulemule."

Jamali hakujali. Alisugua shingo kwa spiriti mpaka mti ukaonekana rangi yake, rangi nzuri ya asali ambayo hakuna aliyekuwa anaijua. Alichimba uchafu kwenye vyuma vya shingoni kwa ncha ya kijiti. Akafunga nyuzi, zinang'aa. Akakaza, akasawazisha sauti. Akachomeka kebo kwenye ampli yake, akapiga noti ileile.

*Kling.*

Akapiga tena. *Kling.* Kama kijiko kilichoangukia sakafuni. Akapunguza sauti nyembamba kwenye kitufe, akaongeza ile nzito. Kijiko kikaanguka kwenye ndoo. Akapiga kwa dole gumba, akapiga juu ya shingo, akapiga chini, akaweka kipande cha sponji chini ya nyuzi kama walivyofanya wazee. Hapo ikawa kama mtu anayepiga godoro kwa ngumi. Jamali akakaa chini kwenye saruji. Alikuwa amemwosha Chomba mpaka amemmaliza. Sauti ya mwalimu wake ilikuwa jikoni, kwenye sufuria ya sombe, nyeusi, inapoa. Akaiona kuwa ndiyo hiyo, na bado, hebu fikiria, bado alipoinama kuitazama aliona kinyaa.

Alienda kwa Franck, kwa aibu, jambo alilokuwa ameapa kutolifanya maishani. Alimkuta kanisani anafunga vyombo.

"Ulichemusha?" Franck aliuliza. "Ile nyuzi? Mjomba, ile ya Papa Chomba?" Akakaa kwenye bafle, akacheka mpaka akashika mbavu. "Bote tulikuwa tunasema tu! Ni maneno ya saluni! Weye unaenda kufanya kweli?"

"Cheka, maliza. Kisha unisaidie."

Franck alimaliza kucheka, akamhurumia. Alileta kisanduku chake cha kukanyaga kwa mguu, chenye taa za kijani. Alisema humo ndani kuna sauti zote, hata za zamani, hata za marehemu, unachagua tu. Akachomeka, akakanyaga. Ilitoka sauti nene yenye mkwaruzo, kama mtu anayesema na wewe kwa simu akiwa ndani ya pipa.

"Hii njo yeye," alisema Franck.

"Hii haina yeye," alisema Jamali, na kama si kanisani angetema mate. "Hii iko muntu anavaa nguo ya maiti." Akakusanya besi yake akaondoka, amechukizwa na kisanduku, amechukizwa na Franck, na zaidi ya wote amechukizwa na Jamali.

Njiani ndipo lilipomjia, na alipoliona akasimama, akatikisa kichwa kulikataa. Uchafu ukitoka unarudishwa na nini? Unarudishwa na uchafu. Hakuna njia nyingine. Akageuka sokoni, akaenda mpaka kwa mama wa makayabu, mahali ambapo kwa kawaida alipita amebana pumzi. Akanunua.

Siku zilizofuata sizipendi hata kuzisimulia. Jamali, yule Jamali wa spiriti, alikula makayabu kwa mkono asubuhi, mchana na jioni. Hakunawa. Alilamba kidole gumba, akafumba macho, akashika besi na kuipiga mpaka mafuta yaingie kwenye mikunjo ya nyuzi. Alikwenda kwa fundi wa pikipiki aliyerithi gereji ya Chomba, akaomba grisi kidogo kwenye kipande cha gazeti, fundi akafikiri amerukwa na akili. Mariam alihamia chumba cha watoto. Saluni hakuweza kuifunga, basi alinyoa watu akiwa amevaa glavu za plastiki, si kwa ajili ya usafi wao bali ili asije akapoteza mafuta yake, na ndani ya zile glavu mikono yake ilipikwa upya na joto la mchana. Wateja walinusa huku na huku. Mmoja, nusu kichwa kimekwisha nusu bado, alisema, "Patron, hapa iko kintu inakufa." Jamali alijibu ni mfereji wa jirani. Mteja alitoka na nusu kichwa chake.

Ijumaa jioni aliipiga ile noti. Haikuwa *kling* tena. Haikuwa *dum* pia. Miaka yote ile hairudishwi kwa siku chache za samaki. Ilikuwa kitu cha katikati, kama mtu mwenye mafua anayejaribu kumwigiza Papa Chomba.

Jumamosi uwanja wa nyumba ya marehemu ulijaa. Turubai lilifungwa, viti vya plastiki vikapangwa, masufuria yakatoka. Mama Claudine alikaa katikati juu ya mkeka, nguo nyeusi, kichwa kimefungwa. Mwansa alikaa mbele yake kwenye kiti, magoti yao karibu kugusana, na bakuli la unga mweupe wa kumpaka mjane atakapofunguliwa liko miguuni pake, limefunikwa. Hakulifunua. Aliweka mikono juu ya tumbo na kuyatazama yale macho.

Orkestra ya Chomba ilianza wimbo ambao mwenyewe alipenda kufungulia. Jamali aliingia na besi. Watu waliitikia kwa vichwa, wakageuziana nyuso kidogo, kama wanaotambua sura ya mtu lakini jina limewapotea. Franck, aliyesimama chini ya turubai, aliangalia chini. Mama Claudine aliinua uso wakati wa noti ya kwanza, akasikiliza, akasikiliza sana, na Jamali aliliona lile tumaini likimshuka usoni kama maji yanavyoshuka kwenye beseni lililotoboka. Aliinamisha kichwa tena. Macho makavu.

"Munaona?" alinong'ona Mwansa, na walio barabara ya pili wakaona.

Wimbo wa pili ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza. Mafuta yalikuwa yanakauka kwenye nyuzi kwa sababu ya jua na upepo, na ule mlio wa kijiko ulikuwa unarudi, unachungulia kwenye kila noti. Jamali aliusikia, akabonyeza nyuzi kwa nguvu zaidi, bure. Mwansa alishika bakuli lake la unga, akaanza kulisogeza nyuma, chini ya kiti. Mtu mzima yeyote pale alijua maana yake.

Pembeni ya ampli mtu alikuwa ameacha sahani. Makayabu, bila shaka. Chakula cha marehemu. Yamekwisha kupoa, mawese yameganda pembezoni, na nzi wawili wameketi humo wanajisugua mikono. Si sahani yake. Hajui imeliwa na nani, wala kwa mdomo gani. Wimbo wa tatu ulikuwa unaanza, gitaa la solo limekwisha kuingia, na besi inangojwa. Jamali aliwafukuza nzi. Alitia mkono wake wa kulia mzima ndani ya sahani, mpaka kwenye kifundo, akapeleka tonge mdomoni, akameza bila kutafuna, koo likakataa, akalilazimisha. Akalamba kidole gumba, pwa! Na mkono ule mwekundu, unaochuruzika, ukaenda kwenye nyuzi.

"Weye! Nawa mikono kwanza!"

Ilikuwa sauti ya darasani. Ilipita juu ya gitaa na juu ya ngoma. Watu waliangua kicheko kabla ya kufikiri, kwa mazoea, kama walivyokuwa wakicheka miaka yote, na mpiga ngoma akaitikia *pa-pa* kama zamani. Kisha kicheko kikafa, kila mtu kwa wakati wake.

Mama Claudine alikuwa amesimama juu ya mkeka, kidole kimenyooka kumwelekea Jamali. Alikitazama kile kidole chake mwenyewe. Alitazama besi, na mkono uliokuwa juu yake. Mdomo ulifunguka, halafu kilio kikatoka mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kukiigiza. "Chomba," alisema, "Chomba, mikono, Chomba, mikono yako," akaanguka mbele, na aliyemdaka ni Mwansa, maana ndiye aliyekuwa karibu. Mwansa alimshika kwa nguvu za kumdaka tu. Kisha kifua chake kile kipana kikaanza kutetemeka, na wote wawili wakalia wameshikana, bakuli likapinduka, unga ukawamwagikia wote.

Jamali aliendelea kupiga. Hakujua kama inasema *dum* au inasema *kling*, wala hakuna aliyekuwa anasikiliza. Samaki alikuwa anapanda kooni na yeye anamrudisha. Mafuta yalimteremka mkononi mpaka kwenye kiwiko, yakaingia ndani ya mkono wa shati lake jeupe, na alichukia kila tone. Nzi mmoja alikuja akakaa kwenye dole gumba lake, akamwacha.

Baadaye, watu walipokuwa wanakula, Mama Claudine alikuja mwenyewe, amepakwa unga usoni na Mwansa, macho yamevimba. Alibeba beseni, birika la maji ya uvuguvugu, sabuni mpya ambayo haijatolewa kwenye karatasi, na taulo begani. Alipiga magoti mbele ya ampli.

"Leta mikono, baba," alisema.

Jamali aliyatazama yale maji. Yalikuwa safi. Mvuke ulikuwa unatoka. Hakuna kitu duniani alichokitaka kuliko kile, na vidole vyake vilijikunja vyenyewe kwa hamu. Akaangalia nyuzi, ambazo mafuta yake yalikuwa bado mabichi.

"Bado, mama," alisema. "Tuko na nyimbo ingine."